Vitabu Vinavyosimulika

Juni 2024 kilitoka kitabu cha tatu cha Tomi Adeyemi, Children of Anguish and Anarchy. Nilikuwa nimekisubiri miaka minne na nusu, maana cha pili kilitoka Desemba 2019. Nilikinunua kwenye simu, nikapanda kitandani na chandarua changu, nikaanza kusoma. Kufika sura ya pili nikakwama. Majina nayajua lakini watu siwakumbuki. Nani alimsaliti nani? Yule mwana wa mfalme, tulimwacha katika hali gani? Vitabu viwili nilivyovimeza kwa siku nne kila kimoja vilikuwa vimetoka kichwani kama havikuwahi kuingia.

Kesho yake, Jumamosi, binti wa kaka yangu alikuwa kwangu Kigamboni. Tulikuwa tunachambua mchele. Nikamwambia kitabu kimetoka ila nimesahau mambo yote. Akaacha ungo, akaanza. Zélie na fimbo yake. Mama Agba anayewafundisha wasichana kupigana ndani ya kibanda, na askari wakija wanajifanya wanashona nguo. Amari aliyetoroka kwao ikulu. Tzain. Inan na lile shungi la nywele nyeupe analolificha ili baba yake asijue. Aliyataja yote kwa mpangilio, hadi mahali ambapo mimi ningeapa kwamba hapamo kitabuni. Jioni nikapafungua, nikapakuta.

Yeye hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja. Alikuwa na miaka kumi na moja wakati huo na Kiingereza chake kilikuwa bado cha darasani. Alisimuliwa tu, na mimi, akiwa na miaka saba.

Hilo ndilo lililobadilisha usomaji wangu, nami nataka nilieleze vizuri, kwa sababu nimekuwa msomaji wa riwaya za fantasia na za vijana tangu sekondari na nilidhani nasoma vizuri.

Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Kaka yangu na mke wake wote walikuwa wanaendelea kwenda kazini, mtoto akaletwa kwangu akakaa mpaka shule zilipofunguliwa mwisho wa Juni. Mchana alikuwa na madaftari yake. Usiku umeme ukikatika tulikuwa hatuna la kufanya. Mimi hadithi za sungura na fisi nilizozijua zilikwisha ndani ya wiki mbili. Nikaanza kumpa nilichokuwa nakisoma, Children of Blood and Bone, kipande kwa kipande, kila usiku kipande kimoja.

Shida ya kwanza ilikuja usiku wa kwanza. Katika ufalme wa Orïsha, watu wenye nguvu za miungu wanaitwa maji. Nikalitamka hivyo hivyo lilivyoandikwa.

"Maji?" akauliza. "Ya kunywa?"

Nikamwambia hapana, ni jina la watu. Sidhani mwandishi alikuwa na Kiswahili akilini alipoliandika. Yeye ni Mmarekani mwenye asili ya Nigeria na miungu yake ni ya Wayoruba. Lakini neno likishaingia kwenye sikio la mtoto wa Kitanzania haliwezi kubaki la Wayoruba. Nikajikuta nimeacha kitabu, namsimulia habari za Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye mwaka 1905 aliwapa watu maji akiwaambia risasi za Wajerumani zitageuka maji. Akasikiliza kimya. Halafu akauliza, "Yalifanya kazi?"

"Hayakufanya."

Hakusema kitu kwa muda mrefu, nikadhani amelala. Kumbe anawaza. "Na hawa wa kwenye kitabu?" akauliza. Na hawa wa kwenye kitabu pia, nikamwambia, siku moja nguvu zao zilikatika, mfalme akawaua wakiwa hawana kitu mkononi. Zélie alikuwa mdogo, mama yake akauawa usiku ule. Nilikuwa nimekwisha kusoma kurasa hizo kabla, kwa haraka, nikitaka kufika kwenye mapigano. Sikuwa nimezisikia mpaka nilipozisema gizani kwa mtoto ambaye dakika tano nyuma nimemweleza habari za Vita vya Maji Maji.

Shida ya pili ilikuwa neno uchawi. Kiingereza kina neno moja jepesi, magic, ambalo linabeba kila kitu, wema na ubaya. Sisi mchawi hatumchekei. Mchawi ni jirani anayekuja usiku. Mganga ni mwingine kabisa, na mazingaombwe ni ya sherehe za shule. Nilitumia uchawi siku mbili za mwanzo, na siku ya tatu kaka yangu akanipigia simu. Mtoto alikuwa amemwambia kwamba shangazi anamfundisha uchawi.

Hakunikemea, lakini nilisikia sauti yake. "Dada, huyu ni mtoto mdogo. Mambo hayo siyataki."

Sikumbishia. Ningeweza kumwambia ni hadithi tu, ila mimi siamini kwamba kuna hadithi ambayo ni hadithi tu, kwa hiyo ningekuwa naongopa. Nilichofanya ni kumuuliza kama anaikumbuka Adili na Nduguze. Anaikumbuka. Nyumbani kwetu Tanga ilikuwapo, ile nakala isiyo na jalada, na baba alikuwa akijivuna kwamba Shaaban Robert ni wa kwetu. Nikamkumbusha kaka: Adili anawapiga manyani wawili kila usiku huku analia, kwa sababu manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini. Tulisomewa hayo tukiwa wadogo kuliko mwanawe. Tulijifunza uchawi? Akacheka kidogo. Akasema endelea, lakini hilo neno libadilishe.

Nikalibadilisha. Kuanzia usiku ule maji walikuwa na karama. Mara moja kila kitu kikakaa sawa, mpaka mimi mwenyewe nikaielewa riwaya vizuri zaidi, kwa sababu karama unapewa, huitafuti, na unaweza kunyang'anywa.

Tangu hapo nina kawaida. Kitabu ninachokisoma lazima nimsimulie mtu, kwa Kiswahili, bila kukishika mkononi. Vingine havisimuliki. Kuna mfululizo mmoja nilioupenda sana nikiwa chuo, una jumba la kifalme, magauni, panga na mikataba ya siri. Nilipojaribu kuusimulia nikakuta mkononi nimebaki na msichana anayependwa na vijana wawili, na hajui amchukue yupi. Mtoto akauliza, "Halafu?" Sikuwa na halafu. Kurasa mia tano zilikuwa zimeyeyuka. Sikuulaumu mfululizo, ulinipa raha nilipoihitaji. Lakini juzuu zake mpya sizisubiri tena.

Vinavyosimulika vina kitu ambacho msikilizaji anaweza kukishika. Riwaya Binti ya Nnedi Okorafor, iliyotoka 2015 ikashinda tuzo za Hugo na Nebula, ilisimulika kwa usiku mmoja. Jina tu lilitosha: msichana wa Wahimba wa Namibia anaitwa Binti, kwa Kiswahili chetu kabisa, anatoroka nyumbani alfajiri kwenda kusoma chuo kikuu kilichoko sayari nyingine, na amejipaka udongo mwekundu wa kwao mwili mzima. Mtoto alitaka kujua kama mama yake alilia alipoona kitanda kitupu. Ni swali zuri kuliko mengi niliyojiuliza mimi kuhusu kitabu hicho.

Akata Witch, ya mwandishi huyohuyo, nilimsimulia kwa uangalifu zaidi. Sunny ana ualbino. Anapenda kucheza mpira na hawezi kukaa juani, na baadaye anagundua kwamba ana nguvu ambazo wengine hawana. Katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamekatwa viungo na kuuawa kwa imani za kichawi, kumweka msichana wa aina hiyo katikati ya hadithi na kumpa yeye mwenyewe hizo nguvu si jambo dogo. Darasani kwa mtoto kulikuwa na mwanafunzi mwenye ualbino. Wiki iliyofuata niliambiwa kwamba mwanafunzi huyo ameitaka hadithi yote tangu mwanzo, na wamekuwa wakiirudia chini ya mwembe, kivulini.

Sasa niseme ninachokisoma hivi karibuni na ninachokisubiri.

Mezani nina The Rose Field ya Philip Pullman, iliyotoka Oktoba 2025. Inafunga habari za msichana Lyra ambazo Pullman alizianza mwaka 1995, miaka thelathini kamili. Naisoma polepole kwa makusudi. Kuisimulia ni kazi, kwa sababu katika dunia ile roho ya mtu hutembea nje ya mwili wake kama mnyama, na kila neno nililolijaribu limenigomea. Pepo haliwezekani, pepo humpanda mtu. Roho haina manyoya. Kwa sasa nasema mwenzi, na binti wa kaka yangu amekubali kwa shingo upande.

Mwenzangu mmoja kazini anasubiri The Winds of Winter ya George R. R. Martin tangu 2011. Kila mara anaponiona na kitabu anaulizia. Zamani nilimwonea huruma. Siku hizi namwambia arudi mwanzo asimulie wanawe kile anachokikumbuka, halafu aone kama bado anaudai mwisho au ameshaupata humohumo njiani. Hajaafiki.

Lakini ninayoipenda kuliko zote hizi ni The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber. Ilitoka 2021, na mwaka uliofuata ikawa ya kwanza kabisa kupewa tuzo ya riwaya yenye jina la Ursula K. Le Guin. Inatokea Mombasa. Aisha ni msichana wa Kihadhrami, baba yake mvuvi amepotea baharini, naye anaingia kwenye mashua ya mifupa pamoja na paka anayezungumza, anakwenda kumtafuta. Baharini anakutana na madude, na mmoja wao anaitwa Baba wa Papa. Kitabu ni cha Kiingereza, lakini chini yake unasikia ubaraza wa Mombasa, namna watu wanavyosema jambo kwa kulizunguka. Nilipokutana na hilo jina, Baba wa Papa, halikutafsiriwa, nilikuwa kwenye pantoni katikati ya mkondo kati ya Kigamboni na Magogoni, na kwa mara ya kwanza maishani nikiwa na riwaya ya fantasia mkononi nikainua kichwa nikatazama maji yaliyokuwa mbele yangu nikijua ni hayohayo.

Nilipoanza kuisimulia, swali lilikuja mapema.

"Huyo paka anaongea Kiswahili gani?"

Sikuwa nimelifikiria. Ni paka wa Mombasa, kwa hiyo haiwezekani azungumze kama mtangazaji wa redio. Nina jirani aliyezaliwa Mji wa Kale, nikaiazima sauti yake. Nikamfanya paka aseme, "Ndoo, nikuonyeshe ndia."

"Anataka ndoo ya nini?" Alicheka mpaka akalala chali. Nikamweleza kwamba kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, njoo ni ndoo, njia ni ndia, na macho ni mato. Kuanzia hapo kila paka wa mtaa wetu anaitwa ndoo, na anakuja.

Cha mwisho ndicho kilichonifunza zaidi, na kilinifunza kwa kunionyesha umaskini wangu.

Shannon Chakraborty nilimfahamu kwa zile riwaya zake tatu za majini wa Daevabad, 2017 hadi 2020, ambamo moja ya koo za majini makao yake ni upande wetu huu wa Afrika Mashariki. Mwaka 2023 akatoa The Adventures of Amina al-Sirafi. Amina ni nahodha mwanamke wa karne ya kumi na mbili, aliyekuwa haramia, amestaafu, goti linamuuma, anamlea binti yake mafichoni pande za Salala, huko Omani. Tajiri mmoja wa kike kutoka Adeni anamfuata ampe kazi ya mwisho. Anawakusanya mabaharia wake wa zamani, mmoja wao akamtoa Mogadishu, wanaingia baharini. Na habari yote Amina anaisimulia kwa mdomo, mbele ya mwandishi anayenakili. Kitabu kimeandikwa kusimuliwa. Nikaona hiki kitateleza.

Hakikuteleza. Karibu nusu yake inatokea juu ya jahazi, na mimi, mzaliwa wa Tanga, mkaazi wa Kigamboni, ninayevuka maji kila siku kwa shilingi 200, sikuwa na maneno. Nilikuwa nasema "mbele ya jahazi", "nyuma ya jahazi", "ile kamba ya tanga", "ule mti wa juu". Nilisikia mwenyewe jinsi hadithi inavyochechemea. Msikilizaji wangu, kwa mara ya kwanza tangu tuanze, alipiga mwayo.

Pale Feri, pembeni ya soko la samaki, kuna mzee anayeshona nyavu. Ninampita kila asubuhi, namwamkia, ananiitikia bila kuinua macho. Siku hiyo nilisimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Naomba kukuuliza. Nyuma ya jahazi, pale anapokaa mshika usukani, panaitwaje?"

Akaniangalia sasa. "Tezi," akasema. "Mbele ni omo. Wewe hukusoma?"

Nilisoma. Hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze. Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani: hiyo methali niliiandika kwenye mtihani wa kidato cha nne, nikaieleza maana yake ya ndani, nikapata alama zangu zote. Sikuwahi kujua kwamba tezi ni mahali mtu anaweza kukanyaga kwa mguu. Nilimuuliza ngama. Akachovya mkono kwenye ndoo ya maji iliyokuwa miguuni pake akaonyesha sakafu ya ndoo. "Huku chini kabisa, maji yanakokusanyikia. Ukizunguka chombo kizima, utarudi hapa, kuna maji ya kukumba."

Alikuwa baharia wa majahazi ya boriti, kutoka delta ya Rufiji kwenda Unguja, kabla magoti hayajamkatalia. Aliposikia kwamba nahodha wa kitabu changu naye ana goti bovu, akaweka wavu chini. Nilipata maneno zaidi asubuhi ile kuliko niliyopata kwenye kamusi. Foromali ni ule mti unaofungiwa tanga. Henza ni kamba ya kuipandishia foromali. Kana ni mkono wa usukani. Akanieleza pepo, kaskazi inayoleta vyombo kutoka Arabuni kuanzia Desemba na kusi inayovirudisha, na kwamba nahodha aliyechelewa kusi amejifunga mwenyewe mpaka mwakani. Katika riwaya jambo hilo limo, msimu unawabana. Nilikuwa nimelisoma kama mapambo.

Nilichelewa kazini. Jumamosi iliyofuata niliirudia hadithi tangu sura ya kwanza. Amina akasimama tezi, mkono kwenye kana. Wakavuta henza, foromali ikapanda ikilia, tanga likajaa. Hakuna aliyepiga mwayo. Zilipofika zile kurasa ambazo dude la baharini linaibuka karibu na chombo, sikuhitaji kuongeza chumvi. Mtoto alikuwa ameshakaa juu ya chombo, anajua tezi iko wapi na omo iko wapi, na anajua kwamba ukikimbia kutoka huku kwenda kule utaishia ngamani.

Watu huniambia kwamba Kiswahili hakina maneno ya fantasia. Nami nilikuwa nikisema hivyo. Siku hizi nawauliza wamemuuliza nani. Wahunzi wana maneno, waganga wana maneno, makungwi wana maneno, na wazee wa Feri wanaondoka nayo mmoja mmoja. Ndiyo maana, pamoja na juzuu zote ninazozisubiri kutoka ng'ambo, kuna kitabu kingine ninachokisubiri ambacho bado hakina jina wala mwandishi, cha mtu aliyekaa pale karibu na nyavu kwa muda mrefu kuliko mimi, akakiandika moja kwa moja kwa Kiswahili, kwa vijana, na majini na majahazi yake yote. Fasihi yetu haikuanza jana kwa mambo haya. Kezilahabi alituandikia Nagona na Mzingile, na Said Ahmed Mohamed akaandika Babu Alipofufuka, ambamo marehemu anarudi duniani. Ila hizo ni za watu wazima, na binti wa kaka yangu sasa ana miaka yake ya kusoma mwenyewe.

Kitabu cha pili cha Amina kimetangazwa, kinaitwa The Tapestry of Fate. Dada yangu wa Leicester nimeshamwagiza anipatie nakala ya karatasi, kwa sababu hiki sikitaki kwenye simu; nataka kupita nacho Feri kikiwa mkononi. Mzee anajua. Kila Jumatatu nikishuka pantoni huinua macho kabla sijamwamkia.

"Yule mama wa Salala amesharudi baharini?"

"Bado, mzee."

"Asiikose kusi," anasema, anarudi kwenye wavu wake.